Kazi ya Ardhi na Kawi: Tufunzwe, Tusiuziwe Setifiketi

Wiki iliyopita watu wanne tofauti wamenitumia tangazo lilelile. Kozi ya siku tano, hoteli moja kubwa Nairobi, "usimamizi wa ardhi katika sekta ya mafuta, gesi na kawi". Bei imeandikwa kwa dola. Nimepiga hesabu, inakaribia laki nne za Kenya, na hapo hujalipa matatu ya kutoka Eldoret wala mahali pa kulala. Ukimaliza unapewa setifiketi yenye muhuri wa dhahabu na mnapigwa picha ya pamoja.

Mmoja wao akaniandikia: "Buda, hii si ndio ile kazi ya kwenye sinema?"

Ndio hiyo. Tangu ile tamthilia ya Landman itoke mwaka 2024, Billy Bob Thornton akizunguka Texas na pikapu akibishana na wenye mashamba, vijana wa hapa Yamumbi wameshaamua hiyo ni kazi ya pesa. Sasa wajanja wa semina nao wameona soko.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Kazi yenyewe siicheki. Ni kazi ya maana, na hapa Kenya ikifanywa vibaya watu hulia, wengine huzikwa. Ninachokataa ni hii tabia ya kuifanya iwe bidhaa ya hoteli, ya watu wenye laki nne, huku wale wanaoifanya kwa miguu vijijini hawajafunzwa hata siku moja. Na ninajua ninachosema, kwa sababu mimi niliifanya. Siku kumi na nane. Sikujua hata jina lake.

Nitafika hapo. Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini.

Kampuni ikitaka kuchimba kisima, kulaza bomba, kusimamisha mitambo ya upepo au kupitisha nyaya kubwa za stima, lazima mtu aitangulie. Huyo mtu anatafuta ardhi ni ya nani. Anasoma rejista, anauliza mipaka, anajua nani amekufa na nani amerithi. Anakaa na mwenye shamba, wanaelewana bei, mkataba unaandikwa. Halafu anarudi miaka ikipita kuona kama yale yaliyoandikwa yanafuatwa. Marekani wanamwita landman. Wana chama chao, AAPL, makao yake Fort Worth kule Texas, kilianzishwa mwaka 1955, kina mitihani na ngazi zake. Chuo Kikuu cha Oklahoma kimefundisha hii kazi kwa digrii miaka na miaka.

Sasa hapo ndipo tangazo linaanza kunuka. Marekani mtu binafsi anaweza kumiliki mafuta yaliyo chini ya shamba lake. Anaweza hata kuuza shamba la juu na kubaki na haki ya kilicho chini. Kwa hivyo landman wa Texas nusu ya kazi yake ni kumtafuta mwenye chini. Kenya haiko hivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema madini na mafuta ni ardhi ya umma. Kisima kikipatikana kwa shamba la babu yako, mafuta si ya babu yako. Sheria ya Petroli ya 2019 imegawa sehemu ya serikali hivi: asilimia 75 inaenda serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 5 jamii ya pale.

Kwa hivyo hapa kwetu mazungumzo yote ni ya juu. Njia ya kupita. Nyumba. Kaburi la nyanya. Miti. Malisho. Mahali ng'ombe wanakunywa maji. Mtu akikuuzia siku tano za mikataba ya Texas kwa laki nne, ni kama kumuuzia mtu wa Lodwar koti la mvua. Koti ni zuri. Lakini mvua iko wapi?

Na tusidhani hili ni jambo la mbali. Hebu tuangalie kilichotokea hapa nchini ardhi iliposhughulikiwa kama jambo la kando.

Kinangop, Nyandarua. Mradi wa upepo wa megawati kama 60. Pesa zilikuwepo, wawekezaji walikuwepo, upepo ndio huo. Wakulima wakakataa. Kukawa na maandamano na vurugu, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hakuna aliyeshinda. Wakulima hawakupata kodi ya mashamba, nchi haikupata stima, mwekezaji hakupata kitu.

Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ekari 150,000. Mitambo ikasimama vizuri kabisa mwaka 2017. Lakini nyaya za kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, zilikuwa hazijaisha, ikabidi upepo uvume bure hadi 2018. Sababu zilikuwa kadhaa, mkandarasi wa Uhispania alikuwa amefilisika, lakini fidia na njia ya kupita ilikuwa mojawapo. Na nchi ikalipia huo uchelewaji mabilioni. Halafu Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati za hiyo ardhi hazikupatikana kwa njia inayofaa, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Fikiria hiyo. Mradi mkubwa wa upepo namna hiyo, umeshajengwa, unawasha taa za watu, na mahakama inasema karatasi za chini yake zina shida.

Olkaria, Naivasha. Jamii ya Wamaasai ilihamishwa mwaka 2014 kupisha mvuke wa ardhini. Malalamiko yakafika hadi jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Moja ya lawama ilikuwa lugha: watu wanaongea Kimaa, mambo mazito yanazungumzwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na wazee ambao jamii inawasikiliza hawapewi nafasi yao. Nyumba mpya zilijengwa, ndio. Lakini mtu anahamishwa kutoka mahali alipozaliwa kwa mkutano ambao hakuuelewa vizuri.

Lokichar, Turkana. Ngamia-1, mwaka 2012, nchi nzima ikashangilia. Oktoba 2013 kazi ikasimama kwa sababu ya maandamano ya ajira. Juni 2018 Rais akayapungia mkono malori ya mafuta yaanze safari ya Mombasa, na mwezi huohuo wananchi wakayafungia barabara. Usalama, ajira, mgao. Mwaka 2025 Tullow wakauza sehemu yao kwa Gulf Energy na kwenda. Wale wafugaji wako palepale.

Na majirani pia. Bomba la Uganda kwenda Tanga, kilomita 1,443. Kule Uganda watu wamelalamika miaka kwamba baada ya shamba kuthaminiwa waliambiwa wasipande mimea ya kudumu, halafu malipo yakachelewa. Huwezi kupanda kahawa, na pesa ya shamba hujaiona. Unakaa hapo kati kama mtu aliyeambiwa asubiri matatu ambayo haina ratiba.

Ukiangalia hizo hadithi zote, hakuna mahali injinia ndiye alishindwa. Mitambo ilizunguka. Mafuta yalitoka. Mvuke ulipanda. Kilichovunjika kila mara ni yale maongezi kati ya mtu mwenye karatasi na mtu mwenye shamba.

Sasa nije kwangu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda nyumbani, na sitaki kuigeuza kuwa hadithi ya huruma, tumeacha wengi. Kabla sijaanza kutengeneza video nilikuwa nachukua vibarua. Kuna timu ya wapima ardhi ilikuwa inapitia upande wa Nandi kwa ajili ya laini ya stima. Kampuni sitaitaja, na hata nikiitaja haitasaidia kitu. Walitaka vijana wa kubeba vigingi na wanaoweza kuongea na wazee. Mia saba kwa siku. Siku kumi na nane, jumla elfu kumi na mbili na mia sita. Nilifurahi sana.

Siku ya tatu au ya nne, bosi akagundua naongea vizuri na watu. Akanitoa kwenye vigingi akanipa faili. Kazi ikawa ni kuingia bomani, kusalimia, kueleza, kupata sahihi. Hakuna mtu alinielezea hizo fomu. Zilikuwa Kiingereza, kurasa tatu. Nilipouliza niwaambie ni za nini, nikajibiwa: "Waambie ni za kuonyesha tumefika."

Nikawaambia ni za kuonyesha tumefika.

Kuna mzee mmoja alitupa maziwa ya mursik, akatuketisha chini ya mikaratusi yake. Miti ya maana, imenyooka, alikuwa anaingojea ifike ukubwa wa kuuza nguzo. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, hii karatasi inasema nini?" Nikamwambia hivyo nilivyoambiwa. Akaweka sahihi polepole, mkono ukitetemeka, herufi moja baada ya nyingine.

Ukurasa wa pili wa hiyo fomu ulikuwa na jedwali. Miti, mimea, majengo, makaburi. Kwake, mstari wa miti ulikuwa umepigwa kistari. Maana yake hakuna. Tulikuwa tumekaa chini ya hiyo miti.

Miezi baadaye watu wa misumeno wakaja. Mzee alikuwa amelipwa kitu kidogo cha njia ya nyaya. Cha miti hakukuwa na shilingi, kwa sababu karatasi yenye sahihi yake ilisema hana miti. Nilikutana naye sokoni Mosoriot. Hakunitukana. Aliniangalia tu akasema, "Wewe si ndiye ulinisomea?"

Sijawahi kupata jibu la hilo swali. Naweza kusema bosi alinidanganya. Naweza kusema nilikuwa kibarua. Yote ni kweli. Lakini mzee hakumwamini bosi, aliniamini mimi, kwa sababu nilimsalimia vizuri na nikanywa maziwa yake. Hapo ndipo kampuni ilipata faida yangu. Walinunua adabu ambayo mamangu alinifunza, kwa mia saba kwa siku.

Kwa hivyo mtu akiniambia shida ya hii sekta ni ukosefu wa wataalamu wenye setifiketi za dola, namwambia pole. Wataalamu wako ofisini. Shida ni kwamba ile dakika muhimu kuliko zote, dakika ya kalamu kugusa karatasi, imeachiwa kijana asiyejua anachosoma na mzee asiyejua anachosaini.

Sasa mtu wa Yamumbi atasema, Turkana ni mbali, hata Nandi si kwetu. Ngoja.

Bomba la Kenya Pipeline lilifika Eldoret mwaka 1994. Malori yanayopanga foleni kwenda Uganda na Rwanda unayaona kila siku, si unayajua? Mpango wa kuliendeleza bomba kutoka Eldoret hadi Kampala umezungumzwa muda mrefu, hata Tamoil ya Libya iliwahi kupewa hiyo kazi ikafa. Mwaka 2025 Kenya na Uganda wameongea tena. Mafuta ya Lokichar nayo yaliwahi kuwa na mpango wake wa bomba la kama kilomita 820 hadi Lamu. Pale Lessos, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kuna kituo kikubwa ambacho laini za Turkwel, Olkaria na Uganda zinakutana. Eldoret ni njia panda ya kawi ya nchi hii. Siku moja watu wenye kanda za kupimia wataingia mtaa wako.

Halafu piga hesabu hii na mimi. Ploti zetu nyingi ni hamsini kwa mia, futi. Hiyo ni kama mita 15 kwa mita 30. Laini ya kilovolti 220 hutakiwa njia ya mita 40. Ya 400, mita 60. Umeona? Njia ni pana kuliko ploti yako yote. Hiyo si nyaya kupita kwako. Hiyo ni wewe kuondoka. Na taito yako iko wapi? Kwa wengi bado ina jina la babu aliyekufa, au la shamba zima lililonunuliwa kwa ushirika baada ya uhuru na halijawahi kugawanywa kwenye rejista. Siku ya fidia, watoto wa babu kumi na mmoja watakutana kwa chifu na hakuna mmoja mwenye karatasi.

Na ardhi ya hapa si mchezo. Mimi mwanzoni mwa 2008 nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka hema za Showground na harufu ya moshi kwenye blanketi. Yamumbi iko kwenye makaratasi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague, pamoja na Huruma, Kiambaa, Kimumu na Langas. Mahali kama hapa huwezi kutuma kijana na faili aende akaulize "hii ni ya nani?" bila kumfunza. Swali hilo hapa limewahi kuchoma nyumba. Linahitaji mtu anayejua kuliuliza.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki.

Nataka hii kazi ifundishwe pale Eldoret National Polytechnic, na kule Lodwar, na Marsabit, kwa karo ileile ya kozi nyingine za ufundi. Mwaka mmoja unatosha kuanza. Naivasha tayari kuna taasisi ya Morendat ya Kenya Pipeline kwa mambo ya mabomba na mafuta. Vizuri. Tumejua kufunza mtu wa bomba. Sasa tufunze mtu wa shamba ambalo bomba linapita.

Afunzwe nini? Kusoma rejista na kufanya utafutaji wa hati. Sheria ya Ardhi ya 2012, ajue serikali ikitaka shamba lako kwa lazima inapitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kuna notisi ya gazeti la serikali, kuna kikao cha kusikiliza watu, na Katiba inasema fidia iwe ya haki na ilipwe haraka, yote. Ajue kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko kwa usumbufu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ajue mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unahitaji theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano, si wazee watatu na mwanasiasa mmoja. Hesabu za miti na mimea. Namna ya kuongea kuhusu makaburi. Namna ya kuongea na mama mjane ambaye shemeji zake wanataka pesa ziende kwao.

Na mtihani wa mwisho usiwe wa kuandika. Mpeleke mwanafunzi kwa mzee, amsomee fomu kwa lugha ya mzee, halafu mzee aambiwe arudie kwa maneno yake. Mzee akishindwa kurudia, aliyefeli ni mwanafunzi.

Pesa zitatoka wapi? Mikataba ya mafuta hapa Kenya huitaka kampuni ichangie pesa za mafunzo kila mwaka. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 50 za kujenga uwezo wa sekta ya petroli. Najua kuna maafisa waliofunzwa, sikatai, na nchi inawahitaji. Ninauliza tu: ni ngapi kati ya hizo zilifika kwa yule anayeshika faili bomani? Na ni ngapi zilifika kwa mwenye boma?

Kwa sababu hiyo ndiyo nusu ya pili. Mafunzo ya upande mmoja ni silaha. Ukimfunza wa kampuni peke yake umetengeneza mtu anayejua kuchukua vizuri zaidi. Kila mradi ukianza, kabla kigingi cha kwanza hakijaingia ardhini, wenye mashamba wapewe siku tatu za darasa kwenye kanisa au shule ya karibu, bure, kwa lugha yao, mradi ulipie. Kama kampuni ina pesa ya helikopta, ina pesa ya mandazi na mwalimu.

Najua majibu yatakayokuja. Niyajibu mapema.

"Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Kweli niliacha. Lakini hao wenye digrii ndio walinipa faili. Na kuna jambo linanichekesha. Kwa Wamarekani, herufi RPL ni ngazi ya landman aliyesajiliwa. Hapa Kenya, RPL ni ule mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ulioupata bila darasa. Herufi zilezile! Basi watambueni wale vijana wa Lokichar na Laisamis waliotumwa miaka kumi kutuliza watu kwa niaba ya kampuni. Wana ujuzi ambao hakuna hoteli inafundisha. Wapeni darasa la sheria, wapeni karatasi, wapeni mshahara.

"Hiyo kazi ina wenyewe, kuna wapima, wathamini na mawakili." Ndio wako, wamesoma na wanaheshimika. Mpima anapima. Mthamini anaweka bei. Wakili anaandika. Nani anakaa na mzee mpaka aelewe? Hapo kila mtu anaangalia saa yake, halafu anaitwa kibarua.

"Watu wakijua haki zao sana miradi itakufa." Hii ndiyo inanikasirisha zaidi, na huwa inasemwa na watu waliosoma. Kinangop haikufa kwa sababu watu walifunzwa kupita kiasi. Anayeelewa alichosaini hana sababu ya kufunga barabara. Anayefunga barabara ni yule aliyegundua baadaye.

Na kwa vijana wenzangu mnaonitumia lile tangazo: msiuze ng'ombe wa nyumbani kwa ajili ya siku tano. Kabla hujalipa, uliza hiyo setifiketi inatambuliwa na nani hapa Kenya. Uliza watafundisha Sheria ya Ardhi ya Jamii au watafundisha Texas. Wakijibu kwa picha ya hoteli, funga simu.

Kwa wazazi wetu nao, kama kuna mtu amekuja na karatasi, usisaini siku hiyohiyo. Muulize mambo matano. Wewe ni nani na barua yako iko wapi? Hii karatasi ni ya kuruhusu kupima, ni ya kuruhusu kupita, au ni ya kukubali bei? Hizo ni tatu tofauti. Njia ni mita ngapi, na nitakatazwa nini ndani yake? Umeandika miti yangu, mimea, nyumba na makaburi, nionyeshe? Pesa inakuja lini, na isipokuja nalalamika wapi? Halafu baki na nakala. Asipokuachia nakala, chai amalize, aende.

Jumapili iliyopita nilipanda matatu nikaenda kwa yule mzee. Nilikuwa nimeogopa kwa muda mrefu. Tulizunguka na daftari tukihesabu visiki, yeye akigusa kila kimoja na fimbo. Arobaini na moja. Nimepiga picha kila kisiki na kuandika upana wake, na nimempata wakili mmoja mjini aliyekubali kuangalia faili bila malipo ya kwanza. Sijui kama atalipwa. Safari hii nilimsomea kila mstari wa barua tuliyoandika, na nikamwomba arudie kwa maneno yake kabla hajaweka sahihi.

Alirudia vizuri. Hata alinisahihisha mahali pamoja.